Moteri inayochemka: somo kutoka kwa magari ya zamani ya Marekani

Maneno ya memba mumoja, fundi wa magari, mbele ya mukutano mukuu wa shirika letu hapa Uvira. Tumeyaandika vile alivyoyasema; tumepunguza paka pale alirudilia.



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya kazi niliyofanya ugenini. Kisha mwenyekiti akaniita pembeni, akasema: "Ndugu, utuambie na kitu chenye kitatusaidia ku maneno ya kamiyo." Basi nitafanya yote mawili kwa mara moja, juu kumbe ni jambo moja.

Wote munajua kamiyo yetu inachemka ikipanda Ngomo. Fundi mumoja ametuambia moteri imekufa, tutafute moteri ingine. Leo mutaombwa kukubali pesa ya mufuko itoke, na hiyo pesa ni michango ya miezi mingi, ya wamama wanaouza samaki na ya vijana wa shamba. Sikusimama hapa kwa kumupinga yule fundi. Mimi sijafungua ile moteri, na yeye pia hajaifungua. Ninasema paka hivi: kuna mambo ya kupima mbele ya kutoa pesa, na mengi yao hayaombi hata franka moja.

Sasa, nilijifunzia wapi? Wengi wenu mulitoka Nyarugusu mukavuka ziwa mukarudi. Mimi njia yangu ilizunguka mbali, nikafika Denver, Marekani. Kule niliosha vyombo, nikapakia mizigo, kisha nikapata kazi mu garaje moja yenye ilikuwa inatengeneza magari ya zamani tu. Wamarekani wanayaita magari ya misuli. Ni magari ya miaka ya 1960 kuelekea mwanzo wa 1970: Pontiac GTO ya 1964, Chevrolet Chevelle, Ford Mustang, Dodge Charger. Walichukua gari ya ukubwa wa kati wakaitia moteri ya silinda nane, litre tano, sita, hata saba na zaidi. Chevelle ya 1970 ilipata moteri ya litre 7.4. Kamiyo yetu yenye inabeba magunia haifiki nusu ya hapo! Na ile Chevelle inabeba bwana mumoja na bibi yake kwenda kunywa kahawa.

Musicheke. Moteri kubwa namna ile njo mwalimu muzuri wa joto. Mu litre tatu za esanse zenye moteri inakula, karibu litre moja tu njo inasukuma gari. Ya pili inatokea nyuma pamoja na moshi. Ya tatu inabaki joto ndani ya chuma, na hiyo lazima maji yaibebe na kuitoa inje. Hesabu si kamili, lakini inatosha kwa kuelewa. Kama maji yanashindwa kazi yake kwa dakika chache tu, kulasi inapindika.

Njia ya maji ni fupi. Maji yaliyopoa yanatoka chini ya radiateri, yanapita mu tiyo ya chini, pompi inayavuta na kuyasukuma mu bloki, yanapanda mu kulasi, yanafika ku mulango mudogo wenye tunaita termostati, yanatoka na tiyo ya juu kurudi mu radiateri. Pompi inazungushwa na mukaba, ile mafundi wetu wanaita kurwa. Ku magari yale ya zamani, vantilateri imefungwa mbele ya pompi, mukaba mumoja unafanya kazi mbili. Angalieni kamiyo yetu, mutaona ni vile vile. Gari nyingi za leo zina vantilateri ya umeme, lakini magari ya kazi bado yanafuata njia ya wazee.

Mu garaje ile mukubwa wetu hakuwa anakubali mutu ashike funguo mbele ya kuuliza swali moja: inachemka wakati gani? Inachemka ikisimama ama ikikimbia? Gari yenye inachemka ikiwa imesimama ku foleni, lakini inapoa ikikimbia, mara nyingi shida yake ni upepo. Ikikimbia upepo unaingia wenyewe. Ikisimama ni vantilateri peke yake inavuta. Gari yenye iko salama mu mji lakini inachemka ku barabara kubwa, shida yake mara nyingi ni maji: radiateri imeziba, mukaba unateleza, tiyo inajifunga, ama pompi haisukumi tena.

Nitawapa mufano. Ililetwa Chevelle moja, moteri imetengenezwa upya, rangi inang'aa kama kioo. Mwenyewe alikuwa amenunua pompi mpya mara mbili, na radiateri mpya ya aluminiumu. Ikifika ku gwaride la magari ya zamani, penye wanatembea polepole sana, inatoa mvuke. Fundi wetu muzee aliangalia bila kugusa kitu. Kile kifuniko cha plastiki chenye kinazunguka vantilateri kilikuwa kimetolewa, juu mwenyewe aliona kinaficha moteri yake nzuri. Bila kifuniko, vantilateri inazungusha upepo wa moto palepale, haivuti upepo wa inje kupita mu radiateri. Tulirudisha kifuniko, na mabawa ya vantilateri yakae nusu ndani nusu inje yake, shida ikaisha. Pompi mbili na radiateri moja, pesa ya bure.

Kuko na ingine ilinichosha akili zaidi. Gari ya miaka ya 1960, pompi mpya, mukaba muzuri, maji yamejaa, lakini ikikimbia kidogo tu kisindano cha joto kinapanda. Kumbe mwenyewe aliuziwa pompi yenye inazunguka upande mwingine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, moteri nyingi za Chevrolet za aina ile zilipewa mukaba mupana mumoja wenye unapita nyuma ya puli ya pompi, basi pompi inageuka kinyume. Kwa inje zinafanana kama mapacha, bulo zinaingia palepale. Lakini gurudumu dogo la ndani lina mabawa yaliyopinda kwa upande mumoja, na ukiligeuza kinyume linachezacheza mu maji bila kuyasukuma vizuri. Ninawaambia hii juu hapa kwetu tunanunua vipande vya okazioni, na muuzaji anasema "inaingia". Kuingia inaingia. Lakini peleka pompi ya zamani ku duka, uziweke bega kwa bega, uangalie mabawa, urefu wa muti, na puli. Hata mu Chevrolet zenyewe, pompi fupi ya mbele ya 1969 na pompi ndefu ya nyuma yake zinafungwa ku bloki moja, lakini mukaba haunyooki tena, unakula puli na kuruka.

Pompi yenyewe inakufa namna gani? Chini ya muti wake kuna katundu kadogo. Vijana wengi wanafikiri ni kosa la kiwanda, wanakaziba na gundi. Hapana! Kale katundu kaliwekwa kwa kukuonya. Mupira wa ndani wenye unazuia maji ukichoka, maji yanatokea pale, yasiingie mu rulma. Ukiona tone moja baada ya lingine, ama alama ya chumvi nyeupe ama ya kutu chini yake, pompi imeanza kuaga. Ukiziba, maji yataingia mu rulma, muti utacheza, na siku moja vantilateri itakula radiateri. Kupima ni rahisi: zima moteri, ingojee ipoe, shika vantilateri na mikono miwili, usukume mbele na nyuma. Ikicheza, ibadilishe. Kisha bonyeza mukaba na kidole: ukilegea sana, ama uso wake ukingaa kama kiatu kipya, unateleza wakati wa mulima, pale penye unahitaji maji zaidi.

Mabawa ya ndani hauwezi kuyaona bila kufungua. Kutu inayakula, sana kama watu wanatia maji matupu miaka na miaka. Ku Pontiac kuna jambo lingine: nyuma ya pompi kuna kipande cha bati kinachogawa maji, na nafasi kati yake na mabawa ikiwa kubwa, nguvu inapotea. Mafundi wa kule wanakisogeza karibu, pole pole, na kupima. Kazi ya dakika chache, na watu wamebadilisha moteri nzima juu ya hiyo.

Tiyo ya chini pia, musiisahau. Pompi inaivuta kama mutoto anavyovuta juisi mu mrija. Tiyo ikizeeka inalainika, na moteri ikizunguka sana inajibana yenyewe, maji yanakatika. Ukisimama kuangalia, imeshafunguka tena, hauoni kitu. Njo maana nyingi zina waya wa kujizungusha ndani. Mutu mumoja akanyage mafuta, mwingine aangalie tiyo ile ile. Vidole mbali na mukaba, tafadhali.

Sasa tufike ku bushoni ya radiateri, yenye wengi wetu wanafunga na kitambaa ikipotea. Hapa Denver ilinifundisha sana. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari, karibu sawa na Bukavu. Kwa urefu ule maji mu sufuria yanachemka ku digri 95, si 100. Na barabara kubwa ya kutoka Denver kwenda mangaribi inapanda mu milima mupaka ku tuneli ya Eisenhower, mita kama 3,400, penye maji yanachemka karibu na 89. Moteri nzima inafanya kazi kati ya 82 na 95 kila siku. Kwa hiyo, kama bushoni haifungi, gari yenye haina ugonjwa wowote itachemka paka kwa sababu ya mulima! Bushoni nzuri inashika presio, kama bar 1, na presio hiyo inasukuma kuchemka kupita digri 115. Hiki chuma kidogo kina mupira na resori. Mupira ukipasuka, presio inatoka, umerudi ku sufuria. Sisi tunatoka hapa ku ziwa, mita kama 775, tunapanda mupaka Bukavu na muzigo. Kila mita 300 za kupanda zinatukata karibu digri moja. Fanyeni hesabu wenyewe.

Na ile presio ndiyo inachoma watu. Maji ya digri 110 yaliyofungwa ni maji. Ukifungua bushoni yanageuka mvuke palepale mbele ya uso wako. Ngojea mupaka unaweza kushika tiyo ya juu na mukono bila kuutoa. Dereva akiwa na haraka, apewe chai. Tena usitupe maji ya baridi mu moteri ya moto, chuma kitapasuka. Ingojee, kisha utie kidogo kidogo moteri ikizunguka polepole.

Termostati. Hapa najua nitagombana na mafundi. Mu garaje zetu, gari ikichemka, kitu cha kwanza ni kuitoa na kuitupa. Termostati inaamua joto la chini, haiamue joto la juu. Ikiwa imefunguka yote, kazi yake imekwisha. Kutoka pale ni radiateri na upepo. Ukiitoa, moteri inakaa baridi ku tambarare, inakula mafuta mengi, silinda zinachakaa mbio, na ku mulima itachemka tu kama mbele. Kweli, termostati iliyokwama imefungwa inachemsha gari. Lakini ipime: itie mu sufuria na termometre. Ya digri 82 ianze kufunguka hapo karibu. Jambo moja la kuangalia kwa wenye kukaa milimani: termostati ya digri 91 inafunguka yote ikipita 100, na sufuria yako Bukavu inaishia 95. Itafunguka nusu tu, na wewe utasema imekufa. Niliona kijana wa Denver akitupa tatu nzima kwa namna hiyo.

Mbele ya kusema moteri imekufa, kuna alama zenyewe za jointi ya kulasi. Mafuta yakigeuka kama kahawa ya maziwa. Moshi mweupe mutamu wa harufu. Maji yanapungua na hakuna penye yanavuja. Mapovu mu radiateri yasiyoisha, bushoni ikiwa imefunguliwa tangu moteri ikiwa baridi. Kuna na maji ya rangi ya buluu yenye yanageuka rangi yakishika moshi wa silinda; kile kichupa nilirudi nacho. Na hata jointi ikiwa imeungua, jointi si moteri nzima. Ku Ford ndogo za silinda nane, Mustang kwa mufano, jointi imeandikwa upande wenye unapashwa kuwa mbele. Fundi akiigeuza, matundu ya maji yanafungwa nyuma, silinda za nyuma zinaungua, na gari nzima inaonekana imekwisha. Ni karatasi iliyogeuzwa tu.

Turudi ku kamiyo. Ku tambarare ya Ruzizi mupaka Kamanyola haichemki, hata na muzigo. Inachemka Ngomo, polepole, gia ya kwanza na ya pili. Moteri inafanya kazi kubwa, upepo wa mbele karibu hakuna, vantilateri inabeba yote. Mimi ningeanza na bushoni, mukaba, vantilateri, na radiateri kwa inje: ile vumbi na mbegu za majani zimejaa kati ya mabati yake, mutu anaosha kwa maji ya pole kutokea upande wa moteri kuelekea mbele. Kisha radiateri kwa ndani. Nina kapima-joto ka mwangaza, unakielekeza tu. Penye radiateri iko baridi katikati ya joto, matundu ya pale yameziba. Kisha mapovu. Kama mapovu yako, tutafungua kulasi na nitasimama hapa kusema wazi fundi alikuwa na haki ya kuogopa.

Maulizo yalikuwa mengi, tunaandika matatu.

Mama mumoja aliuliza kama maji ya ziwa ni mabaya. Jibu: yana chumvichumvi ya mawe yenye inabaki ndani kama ile munaona mu birika. Maji ya mvua ni mazuri zaidi. Mazuri kuliko yote ni kuchanganya nusu kwa nusu na maji ya rangi. Kule wanayatia kwa ajili ya barafu, sisi hatuna barafu, lakini yanazuia kutu na kulinda mupira wa pompi. Yakikosa, tutie hata ile kidogo yenye tunaweza kulipa, kuliko maji matupu kila siku.

Kijana wa garaje aliuliza juu ya unga wa kuziba radiateri, na yai. Jibu: vinaziba kweli, vinaziba na matundu mazuri. Kwa kufika nyumbani usiku na watoto mu gari, sawa. Lakini kesho yake utoe yote na usafishe.

Muzee mumoja aliuliza kwa nini Wamarekani wanapoteza pesa juu ya gari za miaka hamsini. Jibu: Muzee wangu, wengi wao ni watu wa umri wako, wanatafuta gari yenye baba yao alikosa pesa ya kununua. Mimi sikuwacheka. Na kwetu wafadhili wanaouliza kwa nini shirika la waliorudi linasikiliza habari ya Chevelle: vijana wawili wetu wameanza kujifunza na mimi, na vyombo vya kupima vyote vinaingia mu kasanduku kamoja.

Mukutano ulikubali pesa ya moteri isitoke kwanza. Kamiyo itapimwa siku ya posho, saa moja ya asubuhi, moteri ikiwa baridi bado. Dereva asiiwashe mbele ya watu kufika. Muhazini amekubali kulipa bushoni mpya na mukaba mumoja. Matokeo ya kipimo cha kulasi yatasomwa mbele ya memba wote, fundi wa kwanza akiwepo.